Misiba ya Jumamosi

Mtu wa kwanza niliyemuua alikuwa shemeji wa mwalimu mwenzangu, mkazi wa Mwaya. Mtu huyo hakuwahi kuwapo duniani. Nilimtunga Jumamosi moja asubuhi nikiwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi, mke wangu aliponiuliza ninakwenda wapi. Kabla sijafikiri, mdomo ukajibu wenyewe: "Kuna msiba Mwaya." Mke wangu akaacha kufagia, akanipa pole, akaingia ndani kunitafutia koti jeusi.

Huku kwetu Kyela msiba haujadiliwi. Mtu anaweza kukubana kwa nini hukufika harusini, au kwa nini shamba lako limeota majani, lakini ukisema ulikuwa msibani maneno yamekwisha, na aliyekubana ndiye atakayekuomba radhi. Nililijua hilo tangu utotoni. Nililitumia kama mwizi anavyotumia ufunguo wa nyumba aliyolelewa.

Nilikuwa ninakwenda Ipinda kucheza.

Si bao wala drafti. Ni mchezo wa vita wa mezani, na wilaya nzima sijakutana na mtu anayeujua ukiniondoa mimi na rafiki yangu. Ndani ya boksi mna ramani ya karatasi ngumu yenye mito, milima na reli, nchi yote imegawanywa vyumba vidogo vya pande sita kama masega ya nyuki. Mna vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kila kipande ni kikosi cha askari chenye namba mbili, moja ya nguvu na nyingine ya mwendo. Mnakuwa wawili, kila mmoja na jeshi lake. Unasogeza vikosi, unalinganisha nguvu zako na za adui, bahati inasema neno lake, kisha jedwali linakueleza nani kafa na nani karudi nyuma. Vita moja hula Jumamosi tano au sita, na kwa muda wote huo meza haiguswi.

Tulifundishwa mchezo huo sekondari na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, mzungu mmoja mwembamba aliyechoka kutuona sisi wawili tukimaliza mazoezi mapema na kuanza kusumbua wenzetu. Mkataba wake ulipokwisha alituachia boksi. Tukacheza mpaka kidato cha nne, kwenye chumba cha nyuma cha duka la kina rafiki yangu, huku mama yake akituletea vitumbua na chai ya tangawizi. Babu yake rafiki yangu alitoka pwani na marobota ya nguo, akafika Ipinda, akaoa, hakurudi. Mpaka leo watu huwaita watu wa pwani, ingawa rafiki yangu anasema Kinyakyusa kinachonishinda mimi niliyezaliwa Busale. Mama yake alinilisha miaka minne bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Naomba hilo likumbukwe, maana nitakapofika kwenye aibu yenyewe ndilo litakaloniuma zaidi.

Kisha nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kazi huku na kule, nikaoa, nikazeeka. Miaka zaidi ya thelathini sikushika kipande hata kimoja. Nilipostaafu nikarudi Busale, na mwaka wa pili wa kustaafu kwangu maji yakaingia kwenye stoo ya rafiki yangu. Alipokuwa akitoa makatoni ya viatu yaliyolowa akalikuta boksi juu kabisa ya shubaka, kavu, kona moja imeliwa na panya. Akanipigia simu. Hakusalimia hata. Alisema, "Mwalimu, jeshi lako bado lipo."

Niseme ukweli wa furaha yangu, kwa kuwa bila huo hamtanielewa. Nina miaka hamsini na tisa, na nilikuwa ninaamka Jumamosi kama mtoto siku ya Krismasi. Tulikata vipande vipya kwenye katoni la biskuti kufidia vilivyoliwa. Dadu rafiki yangu, Mwislamu, alizikataa. "Ujanani sikujali, mwalimu," alisema, "sasa nimefika umri wa kujali." Basi tukachukua vizibo sita vya soda, tukaviandika namba kwa rangi ya kucha ya binti yake, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukitaka bahati yako unachota. Nilikuwa nikichota kizibo moyo unakwenda mbio, na nikishindwa nilinuna waziwazi. Mimi si mtu wa kushindwa vizuri. Kuna siku niliondoka bila kunywa chai kwa sababu kikosi changu cha farasi kilikufa kijinga mtoni.

Kwa nini nilificha? Mimi ni mzee wa kanisa. Si muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye kijiwe cha pikipiki nikawakemea vijana waliokuwa wakicheza drafti kwa vizibo, nikawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni kwamba ni aibu mwanamume mwenye akili zake kushinda akisukuma vizibo huku mke wake yuko shambani. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Baada ya hotuba kama hiyo, mtu anaanzaje kusema anakwenda Ipinda kuchota vizibo?

Kwa hiyo niliua. Vita moja ilihitaji maiti watano. Nilikuwa makini, niliwaweka mbali, ng'ambo ya mto, watu ambao hakuna jirani angewajua. Shemeji wa Mwaya alifuatwa na mzee wa Matema, kisha mjane mmoja ambaye nilimpa kifua kikuu, na nikirudi jioni nilivaa uso wa mazishini. Mke wangu alinichemshia maji ya kuoga, akaniuliza watu walikuwa wengi, mahubiri yalikuwaje. Niliyatunga mahubiri. Yalikuwa mazuri kuliko ya mchungaji wetu, na mke wangu alitikisa kichwa akasema "ndaga fijo" kumshukuru mhubiri ambaye hayupo.

Sasa kuhusu mke wangu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, wanawake kumi na wawili na yeye mwenyewe. Kazi yao kubwa ni misiba. Mtu akifa, yeye ndiye anayepewa habari kwanza, naye ndiye anayewapigia wenzake. Wanakusanya mchele, ndizi na kuni, wanakwenda kulia, kupika na kulala na wafiwa. Wakati wa mavuno huvuna mashamba yao kwa zamu. Neno lake lilikuwa linainua watu kumi na wawili kutoka kwenye kazi zao bila swali. Sikuwahi kulifikiria hilo kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa zamu ya shamba letu. Mpunga ulikuwa umekauka, wingu lilikuwa limetanda upande wa ziwa, na akina mama walishafika na mundu zao. Kule Ipinda vita yetu ilikuwa kwenye zamu ya mwisho. Nilikuwa nimeuzingira mji mkuu wa rafiki yangu pande tano, imebaki moja, na wiki nzima nilikuwa nikilala nikiuona huo upande mmoja. Sikuweza kungoja Jumamosi nyingine. Nikajua pia kwamba kwa siku ya mavuno shemeji wa mtu huko Mwaya hatoshi. Nilihitaji kifo kizito.

Nikamwita mke wangu pembeni nikamwambia mama yake rafiki yangu amefariki alfajiri.

Nililipigia hesabu jambo hilo, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Nilisema moyoni, Waislamu huzika siku hiyo hiyo. Nitakwenda, nitarudi jioni, atakuwa ameshazikwa, habari imekwisha. Mke wangu alishika kinywa. "Yule mama aliyekulisha ukiwa mwanafunzi?" Nikasema ndiye. Machozi yakamlengalenga. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Kumbe naye alijua kwamba Waislamu huzika siku hiyo hiyo. Akaona akingoja mpunga uishe hatamkuta marehemu juu ya ardhi. Akawaambia wenzake waweke mundu chini. Wakabeba mchele mpya, mikungu miwili ya ndizi na kuni, wakapanda kirikuu, wakaja Ipinda.

Sisi tulikuwa stoo. Nilisikia kilio kikitokea njia panda, maana wanawake wetu hawaingii msibani kimyakimya, huanza kulia wakiwa mbali ili wafiwa wajue wamekuja wenzao. Rafiki yangu akainua kichwa. "Nani kafa?" Nikamwambia, kwa kukereka, pengine ni wapita njia, achote kizibo chake.

Aliyetoka ni mama yake. Yeye anaishi nyuma ya duka, ana miaka karibu themanini, na kilio kikipita mlangoni kwake hawezi kukaa ndani. Alijitanda kanga akatoka barabarani akiwa ameshaanza kulia, akamkumbatia wa mbele. Huyo wa mbele alikuwa mke wangu. Nilikuwa nimefika mlangoni mwa stoo, nikamsikia yule mama akisema, "Poleni wanangu, poleni. Mmefiwa na nani?"

Mke wangu alikuwa ameshamwona mara mbili tatu, anamjua. Kilio chake kikakatika. Wale wa nyuma waliendelea kulia kidogo, kisha mmoja mmoja wakaacha, mabeseni ya mchele yakiwa kichwani. Mke wangu akaangalia juu ya bega la yule mama, akaniona. Nilikuwa na kikosi cha askari wa miguu kati ya vidole vyangu. Aliangalia kile kipande, akaangalia ile meza nyuma yangu, na niliona wakati hasa alipoelewa.

Akapiga magoti. "Shikamoo mama. Tusamehe. Kosa ni langu. Mtu wa pikipiki aliniletea habari zako njiani, nikazibeba bila kuuliza mara mbili."

"Habari zangu gani?"

Yule mama aliyatazama mabeseni, kuni, kanga zilizofungwa viunoni. "Mimi?" akauliza. "Mmekuja kunililia mimi?" Akashika ukuta wa duka, akatembea akiupapasa mpaka mlangoni kwake, akaingia kulala.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, mtu angeweza kunywa maji ndani yake. Nilikitia kile kipande mfukoni nikanyamaza. Akina mama wakapanda kirikuu, mke wangu akakaa mbele karibu na dereva, hakugeuka.

Mvua ilinyesha jioni hiyo kwenye mpunga wetu. Mke wangu aliniwekea chakula kama kawaida, akakaa mkabala nami, akasema maneno machache ambayo ningependa kuyasahau. "Baba, ungesema unakwenda kucheza ningekuambia nenda." Nikaanza kujieleza, habari za kanisa, habari za vijana wa kijiweni. Akanyanyua mkono. "Wale wa Mwaya na Matema nao?" Nikainamisha uso. Akaondoa sahani, hakuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata kulitokea kifo cha kweli mtaani. Mke wangu akawapigia wenzake kama siku zote, na mmoja akamjibu kwa upole kabisa, tungoje kwanza, ngoja nimpigie mwingine nihakikishe. Hakunieleza yeye, nilisikia kwa jirani aliyeona ni kichekesho. Mwisho wa mwezi wakamchagua mwenyekiti mwingine. Waliomchagua hawakumtukana, walisema apumzike. Akarudi nyumbani akaanza kuchambua mchele, nami nikakaa nje nikijifanya ninasoma.

Kule Ipinda mambo yalikuwa mabaya kuliko hapa. Rafiki yangu alinipigia. "Mama haelewi. Anasema habari ile haikuja bure, imemtangulia tu. Ametoa sanda yake kwenye sanduku, anaianika." Siku nyingine akaniambia mama amemwita dada yake kutoka Karonga, Malawi, aje waagane. Anakula kijiko kimoja kimoja. Anagawa vitu. "Mimi namtafuta yule mtu wa pikipiki," akasema. "Nimeshauliza vijiwe vitatu. Nikimpata nitamleta mbele ya mama aseme nani alimtuma, labda atatulia." Nilimsikia mtu mzima, mfanyabiashara, akizunguka juani kumtafuta mtu ambaye mke wangu alimbuni ili kunisitiri. Vijana wa watu walikuwa wakishukiwa. Nami nikamwambia, utampata tu.

Nilikaa hivyo wiki tatu. Nilijua kila siku ninachotakiwa kufanya, na kila siku nilijiambia kesho. Wengine wana ugonjwa, wana umaskini, wana sababu. Mimi nilikuwa ninaona haya tu.

Mke wangu ndiye aliyevunja kimya. Tulikuwa tunapepeta. "Yule mama hali?" aliuliza. Nikasema nasikia anakonda. Akaweka ungo chini. "Kamwambie. Mimi niache, mimi ninajua ninaishi na nani. Yeye hajui kwa nini anakufa."

Nikaenda siku hiyo hiyo, kwa miguu mpaka barabarani kwa sababu niliona haya kuita pikipiki. Nilimkuta amekaa kitandani, chumba kitupu, ukutani alama za mahali kabati lilipokuwa. Rafiki yangu alisimama mlangoni. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia yote, kuanzia shemeji wa Mwaya. Nilisema hakuna mtu wa pikipiki, hakuna habari iliyotangulia, hakuna aliyeletewa habari. Nilimuua mimi ili nisivune mpunga. Rafiki yangu aligeuka akaondoka, nikasikia mlango wa duka ukifungwa.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hakuna kitu," akasema. "Hakuna, mama." Akaziangalia zile alama za ukutani. "Kabati langu nimempa mjukuu, yuko Tukuyu nalo. Vyungu nimegawa. Dada yangu ametoka Malawi na miguu mibovu kuja kuniaga." Sauti yake haikupanda. "Na kuna watu wawili hapa Ipinda, mwanangu, niliapa sitawasamehe. Nimewaita nimewasamehe, kwa kuwa nilidhani ninakwenda. Sasa itabidi niishi nao."

Nilimwomba radhi. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunikaribisha chai.

"Wewe nitakusamehe," akasema, "lakini si leo. Leo umeniambia nina siku. Nenda kwanza kwa wale akina mama, waliokuja na mchele wao kunililia. Mmoja mmoja, nyumbani kwake. Ukimaliza wote uje kwangu, mimi niwe wa mwisho."

Tangu hapo ninazunguka. Ni nyumba kumi na mbili, nimefika saba. Ningependa kuwaita wote mahali pamoja nikaongea mara moja, lakini sikuambiwa hivyo. Kila nyumba ninakaribishwa kiti, ninaanza upya, na kila nyumba kuna neno linalonishinda kulitamka, leo hili, kesho lile. Wa tatu alicheka mpaka akakohoa, na nikaona kicheko chake kinauma kuliko wa pili aliyenifungia mlango nilipomaliza. Mchezo hatujaugusa tena, rafiki yangu hapokei simu zangu. Na ninautamani. Ninakaa kwenye kiti cha mama wa watu nikitubu kwa ajili ya mchezo, huku kichwani ninapanga vikosi.

Wa saba nilikwenda kwake jana. Ni mjane, mtu wa maneno machache, siku ile alikuwa amebeba kuni. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza.

"Sisi tulipoondoka, mama wa watu yuko kitandani, ninyi mlifanya nini?"

Ningeweza kusema tulikunja meza. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kumwangalia mama yake, akarudi akasema amelala, tuache. Mimi nilimwambia imebaki zamu moja tu.

"Tulimalizia mchezo," nikamjibu.

"Ukashinda?"

"Nilishinda."

Akatikisa kichwa taratibu, akanyanyuka kwenda kuangalia chungu chake jikoni. Hilo mke wangu hajaniuliza bado.